Ishara za utumbo: za kuzimwa au za kulindwa?

Juzi hapa Dodoma nilisimama nyuma ya kijana kwenye duka la dawa. Alisema tumbo linamsokota na anaharisha. Muuzaji hakumuuliza kitu, akachukua mkasi, akakata vidonge kumi vya antibiotiki, na kijana akameza viwili palepale.

Utando wa ndani ya utumbo ni safu moja tu ya seli, na hujifanya upya kila baada ya siku tatu hadi tano hivi. Upande mmoja wamejaa bakteria, upande wa pili iko damu. Seli hizo zina vipokezi vinavyowatambua bakteria na kupitisha ishara: ute uongezwe, viungio kati ya seli vikazwe, palipochubuka pazibwe. Mwaka 2004 Rakoff-Nahoum na Medzhitov, watafiti wa Marekani, walionyesha kuwa panya wasio na MyD88, protini inayopitisha ishara hizo, waliumia vibaya zaidi utumbo wao ulipochubuliwa kwa kemikali. Panya wa kawaida waliomalizwa bakteria wao kwa antibiotiki nao yakawakuta hayohayo. Hilo ndilo linalonitia hofu kila nikiukumbuka ule mkasi.

Lakini ishara zikipitiliza, ndizo zinazoleta mchochota: utumbo unavimba, unatoka vidonda, unavuja damu. Mgonjwa wa Crohn, ugonjwa wa muda mrefu wa mchochota wa utumbo, hawezi kuambiwa avumilie. Infliksimabu, dawa inayozuia TNF, ishara ya kinga inayochochea mchochota, na kuruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa huo, imewapa wengi nafuu kubwa. Hata hivyo, sekukinumabu, dawa inayozuia IL-17, ishara nyingine ya kinga, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn haikuwasaidia, na madhara yakawa mengi kuliko kwa waliopewa dawa ya kuigiza, isiyo na kitu ndani, ili kulinganisha. Inaelekea ishara hiyo ilikuwa inalinda.

Kwa hiyo siungi mkono kuzima ovyo, wala sipingi dawa; amiba na kipindupindu si vya kuchezea. Kwa mwenye afya, ugali wa uwele au mtama usiokobolewa unawapa bakteria nyuzinyuzi za kutengenezea butireti, inayolisha seli za utumbo mpana na kutuliza kinga. Aliyevimba utumbo hadi njia ikawa nyembamba, nyuzinyuzi hizohizo zinaweza kumkwamia.

Yule kijana alistahili kuulizwa walau kama choo chake kina damu, kisha apelekwe kupima.