Laptopu haijui kama bando ni la pesa

Niliwahi kugombana na dada wa huduma kwa wateja wa kampuni ya simu kwa ajili ya bando, dakika karibia kumi, nikiwa nimekaa Raskazone pale Tanga naangalia bahari na sioni hata hiyo bahari kwa hasira. Leo naandika hii kwa sababu nilimkosea, na kwa sababu najua tupo wengi tunaowakosea wale dada kila siku.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda Tanga kwenye arobaini ya mjomba, nikafikia kwa shangazi kule Ngamiani. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, mi nilikuja nikakaa wiki mbili kwa sababu baada ya arobaini mambo ya familia hayaishi. Kazi yangu ni kuandika hesabu za wafanyabiashara wadogo, maduka ya vifaa vya ujenzi, famasi, vitu kama hivo, na wanaofanya kazi hii wanaijua tarehe 20, ndo mwisho wa kupeleka ritani za VAT, zile fomu za kodi ya ongezeko la thamani, za mwezi uliopita. Sasa ilikuwa tarehe 19 jioni na mkononi nina wateja watatu bado. Nyumba imejaa wageni, watoto wanakimbizana koridoni, nikasema hapa siwezi, nikanunua bando la GB 10, nikabeba laptopu nikaenda zangu Raskazone nikatafuta sehemu tulivu, nikawasha hotspoti ya simu nikaunganisha nikaanza kazi.

Haikufika hata saa nzima. Meseji ikaingia, bando lako limekwisha.

Yani GB 10! Na kazi yangu mimi ni faili za Excel, kubwa kabisa haifiki hata MB 2, na kufungua kurasa za kujaza fomu. Hamna sinema hapo, hamna mpira, hamna chochote. Ndo nikapiga simu, yule dada akaniambia kwa upole kabisa "kaka, mfumo unaonesha zimetumika zote", nikamwambia nyie ni wezi, nikamwambia na mengine ambayo sitaki kuyaandika. Halafu nikanunua bando lingine dogo nikarudi nyumbani nikamaliza kazi usiku kwa kuiba iba muda, mteja wa tatu nilimmalizia tarehe 20 saa nne asubuhi moyo uko mdomoni.

Aliyenifungua macho ni mtoto wa shangazi, kijana wa chuo. Nilikuwa namsimulia nilivyoibiwa, akasema bro hebu niione hiyo laptopu. Akaingia kwenye setingi, sehemu ya mtandao, akafungua ukurasa unaoonesha kila programu imetumia data kiasi gani ndani ya siku 30. Tukakaa wote wawili tunaangalia. Apdeti za mfumo, zaidi ya GB 4. Programu ya kuhifadhi faili mtandaoni, zaidi ya GB 5, kwa sababu siku hiyo mchana nilihamisha video za arobaini kutoka kwenye simu ili simu ipate nafasi, nikaziweka kwenye folda ambayo laptopu inaipandisha mtandaoni yenyewe bila kuuliza, kwahiyo nilipoiunganisha tu ikaanza kuzipandisha moja baada ya nyingine. Na kivinjari, ambacho ndo kazi yangu yote ya jioni ile? MB 70 na kitu.

Sabini. Nilinyamaza kidogo.

Ndo maana nasema, na nasema kwa moyo mmoja, kabla hujaita mtu mwizi angalia kwanza laptopu yako imefanya nini. Simu inajua inaishi kwa bando, imetengenezwa hivo, ndo maana programu nyingi za simu zinasubiri waifai kabla ya kushusha vitu vikubwa. Laptopu imelelewa ofisini na kwenye nyumba zenye waifai ya kulipia kwa mwezi, ikiona waifai yoyote inaona imefika nyumbani, inaanza kufanya kazi zake zote ilizoziweka kiporo, apdeti, bakapu, kupandisha picha, kushusha matoleo mapya ya programu ambazo hujazigusa tangu mwaka juzi. Hotspoti ya simu yako kwa laptopu ni waifai tu kama waifai nyingine. Haijui kwamba umetoa hela dukani kwa Mangi asubuhi.

Sasa dawa ipo na ni ya dakika moja, kinachoniuma ni kwamba nimetumia laptopu miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniambia. Kwenye Windows ukishaunganisha hotspoti yako, ingia kwenye setingi za huo mtandao, kuna palipoandikwa Metered connection, washa. Hapo unaiambia laptopu kwamba data hapa inalipiwa, na yenyewe inaacha kushusha apdeti nyingi za mfumo na programu kadhaa zinapunguza fujo. Mac nazo tangu toleo la Ventura la 2022 zina setingi ya kupunguza matumizi ya data, unaiwasha kwa mtandao mmoja mmoja. Ila msikilize hapa kwa makini: laptopu inakumbuka kwa jina la mtandao, ukibadilisha jina la hotspoti au ukitumia simu ya mtu mwingine inaona ni mtandao mpya, inabidi uwashe upya. Na ukiunganisha kwa waya wa USB ndo kabisa, laptopu haioni waifai hapo, inaona kama umechomeka waya wa intaneti wa ofisini, kwahiyo ile setingi uliyowasha kwenye waifai haihusiki, ingia sehemu ya Ethernet uwashe na huko. Mimi hili la waya lilinila GB nyingine 2 kabla sijalijua. Na ile programu ya kuhifadhi faili, usiiamini itajipunguza yenyewe, isimamishe kwa mkono mpaka urudi kwenye intaneti isiyo ya kupima.

Nimetaja waya, ngoja niseme na hili, kwa sababu watu wengi wanajua hotspoti tu. Tangu Android 2.2 itoke mwaka 2010 simu inaweza kugawa intaneti kwa hotspoti na kwa waya wa USB vyote viwili, kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tunahangaika na modemu zile za kuchomeka ubavuni. Mimi saivi nyumbani kwa shangazi natumia waya na sirudi nyuma. Hotspoti inaila betri ya simu haraka sana na inaipasha moto, na joto la Tanga mnalijua, lile la unyevu, simu ikishachemka inajipunguza nguvu yenyewe na intaneti inakuwa nzito, wewe unasema mtandao wa leo mbovu. Waya unaipa simu chaji hapohapo kutoka kwenye laptopu, hivo hata umeme ukikatika una betri ya laptopu inayozilisha zote mbili saa kadhaa. Bluetooth nayo inaweza, inatumia chaji kidogo ila ni ya polepole mno, ya kutuma barua pepe tu sio zaidi.

Sehemu moja tu hotspoti inaushinda waya, nayo ni nyumba za zamani. Ukikaa kwenye majumba ya kale ya Pangani au Bagamoyo, kuta nene za mawe na chokaa, ndani unakuta simu ina kijimnara kimoja au hamna kabisa. Hapo unaiweka simu dirishani upande wenye mnara, isipigwe jua, unawasha hotspoti wewe unakaa ndani na laptopu. Kama setingi za hotspoti zinakupa kuchagua kati ya GHz 2.4 na GHz 5, chagua 2.4 kwa sababu inapenya ukuta vizuri zaidi, ile ya 5 ina kasi ila inataka mkae karibu. Na weka paswedi ya maana, maana nyumba yenye wageni ishirini neno "anko niwashie hotspoti" utalisikia mpaka basi. Mi siwanyimi, nilimwashia kila aliyeomba baada ya kumaliza kazi, ila ukitoa wakati unafanya kazi basi ujue video za watoto zinajicheza zenyewe moja baada ya nyingine na wewe ndo unalipia.

Njiani ni habari nyingine kabisa. Dar mpaka Tanga ni kama kilomita 350, unapita Chalinze, Mkata, Kabuku, unakata kulia Segera kuelekea Muheza, na katikati ya hizo sehemu mtandao unapanda unashuka, mara 4G mara inarudi kwenye ile ya zamani kabisa. Watu wanajaribu kufanya kazi za kwenye kivinjari humo ndani ya basi, unajaza fomu ukurasa unakata unaanza upya, na kila ukilodi upya data inaenda. Ushauri wangu fanya kila kitu bila intaneti, faili ziwe ndani ya laptopu yenyewe, ukifika sehemu ambayo gari linasimama na mtandao umetulia unawasha dakika tano unatuma unazima. Mimi nimeshatuma ritani nzima pale Muheza huku watu wanauziwa machungwa dirishani. Vikao vya video ndo usijaribu kabisa, saa moja ya picha safi inaweza kula GB nzima wakati sauti tupu haifikishi hata MB 100, mwambie bosi kamera imezimwa kwa sababu uko safarini, ataelewa.

Lakini kuna kitu bado sijakubaliana nacho, na sitakubali. Kwa nini kazi hii yote iwe yangu? Simu ya Android ukiiunganisha kwenye hotspoti ya Android nyingine inaambiwa palepale kwamba data hii inalipiwa kwa kupimwa, na yenyewe inajiheshimu bila wewe kugusa kitu, kwahiyo hiyo lugha ipo na inawezekana. Laptopu inashindwa nini hata kuuliza swali moja tu siku ya kwanza, "hii intaneti unailipia kwa GB?" ujibu ndiyo, yaishe. Watengenezaji wanaona mtu wa kawaida ni yule mwenye intaneti isiyoisha nyumbani. Mtu wa kawaida huku kwetu ni mwanafunzi wa Tanga anayeandika ripoti ya chuo kwa bando la siku, ni mimi na ritani zangu, ni fundi anayeshusha programu ya simu ya mteja. GB 4 za apdeti kwa huyo mwanafunzi ni bando lake la wiki limeondoka na ripoti haijaandikwa, na hatajua kilichotokea, atasema ameibiwa kama mimi nilivyosema.

Mwezi uliofuata nilirudi tena Tanga, shangazi alikuwa anaumwa miguu. Bando lilelile GB 10, kazi ileile, wateja wamekuwa wanne. Lilikaa siku tisa, ritani zote zilitoka tarehe 17. Nikapiga ile namba ya huduma kwa wateja nikitaka kumwomba yule dada radhi, ila jina lake sikuwa nalo, aliyepokea akaniambia wako wengi. Nikamwomba yeye radhi kwa niaba yake.