Injini Aliyozaliwa Nayo Gari

Nimekaa miaka 11 Michigan, Marekani, na kinachonishangaza hapa kuliko theluji ni jinsi wazee wanavyozungumzia injini. Muulize mwenye Chevelle SS, gari la zamani la Chevrolet lenye injini kubwa, habari za gari lake, ataanza na mwaka. Ya 1970 si ya 1971, ingawa kwa mbali utaapa ni gari lilelile. Ukishazoea unayatofautisha kwa taa tu: ya 1970 ina taa mbili za mbele kila upande, ya 1971 ina moja moja, na za nyuma zimekuwa za duara.

Uhondo wenyewe uko chini ya boneti. Mwaka 1970 Chevrolet waliitoa V8 ya inchi za ujazo 454, yaani lita 7.4, kwa aina mbili: LS5 ya nguvu farasi 360 na LS6 ya 450. Mgandamizo wa LS6, yaani jinsi hewa na petroli zinavyobanwa ndani ya silinda, ulikuwa 11.25 kwa 1, ikidai petroli kali. Mwaka uliofuata General Motors, wenye Chevrolet, wakashusha mgandamizo ili injini zao ziweze kutumia petroli yenye madini ya risasi kidogo au isiyo nayo kabisa, na LS5 ikaangukia 8.5 kwa 1. Kufika 1972 karatasi zinasema LS5 ina nguvu farasi 270, na watu husikitika kwamba injini iliuawa. Hapo nabisha kila mara. Zamani injini ilipimwa mezani, bila feni wala chujio la hewa, na ekzosi si ile ya kwenye gari. Baadaye ikapimwa ikiwa na vyote inavyobeba barabarani. LS5 ya 1971 ilihesabiwa kwa njia zote mbili: 365 kwa ile ya kale, 285 kwa mpya. Kwa hiyo kati ya 1971 na 1972 zilipotea farasi 15, si 95.

Jirani yangu mmoja anayo ya 1970. Siku moja aliniita, akapangusa kwa kitambaa sehemu bapa ya bloki, mbele ya silinda hedi ya kulia, akamulika kwa tochi ya simu. Namba zilizogongwa pale zinaafikiana na za chesesi, yaani injini ni ileile gari lilizaliwa nayo. Alizigusa kwa kidole, polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi la mzazi. Namba ya chesesi ya mwaka ule peke yake haikuambii gari lilitoka kiwandani na injini ya aina ipi, ndiyo maana watu hushusha hata tangi la mafuta kutafuta karatasi ya kiwanda iliyosahaulika juu yake.

Nikamkumbuka marehemu baba na Peugeot 504 yake pale Dar. Injini iliponoki, gereji moja mjini waliishusha asubuhi, jioni gari likawa na injini ya Toyota. Ile ya Mfaransa ikauzwa chuma chakavu, kwa kilo. Baba alifurahi, na alikuwa na haki ya kufurahi: aliliendesha hadi Morogoro na kurudi kwa miaka 9 zaidi. Kwetu injini ni spea. Gari linalotembea linalisha watu, na simlaumu fundi yule kwa kulifufua. Tena nimeona huku magari yenye namba zote sahihi yasiyotoka bandani mwaka mzima, na hilo nalo naliona ni kosa. Gari limeundwa litembee.

Kinachoniuma ni ile kilo. Bloki ingeweza kukaa kona ya ua, imefunikwa turubai, isidai kitu. Gari la aina hiyohiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1975, na baba alitusimulia ushindi ule kana kwamba usukani alikuwa ameushika yeye.

Bodi bado iko nyumbani, chini ya mwembe. Mwezi jana nilimwomba kaka aniandikie namba ya chesesi. Alisugua kutu kwa msasa nusu saa, akanitumia picha. Nimeichapa, iko ukutani karibu na funguo zangu. Sasa natafuta injini ya 504.