Kocha Ajaye wa Cranes Awe Mganda, na Asiwe Kaimu

Usiku wa tarehe 27 Desemba 2025 nilikuwa ndani ya kibanda kimoja cha mpira hapa Busia, hatua chache kutoka mpaka wa Kenya, nimebanwa kwenye benchi la mbao kati ya kijana wa boda na mama anayeuza samaki wa kukaanga, tukiitazama Cranes, timu ya taifa ya Uganda, ikicheza na Tanzania huko Rabat, Morocco, katika Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON). Simon Msuva alikuwa ametufunga kwa penalti, Uche Ikpeazu akasawazisha zikiwa zimebaki kama dakika kumi, kisha katika dakika za nyongeza tukapewa penalti yetu wenyewe. Allan Okello aliuweka mpira, akarudi nyuma, akapiga, na mpira ukapaa juu ya mtambaa panya. Mwenye kibanda akapunguza sauti ya televisheni bila kuambiwa na mtu. Hakuna aliyemtukana kijana yule. Mzee aliyeketi karibu na mlango aliinuka, akachukua fimbo yake, akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Sasa watatuletea mzungu gani tena?"

Neno lile "tena" limenikaa moyoni tangu usiku ule. Tulitoka Morocco na pointi moja, baada ya kufungwa 3-1 na Tunisia na 3-1 na Nigeria, katika mechi ya mwisho iliyotulazimu kutumia makipa watatu kwa sababu Denis Onyango aliumia na Salim Magoola aliyemrithi akatolewa kwa kadi nyekundu. Katika makala hii sina nia ya kumhukumu Paul Put, kocha aliyetuongoza huko. Ninaandika kuhusu siku ambayo kiti chake kitakuwa wazi, iwe karibu au mbali, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba siku hiyo kiti hicho kinapaswa kupewa kocha Mganda, kwa mkataba kamili, wenye muda na mshahara na mamlaka yaleyale ambayo tumekuwa tukiwapa wageni.

Tazama orodha. Mwaka 2008 alikuja Bobby Williamson kutoka Uskoti. Mwaka 2013 akafuata Milutin Sredojević, Mserbia ambaye sote tunamwita Micho. Baada yake alikuja Sébastien Desabre wa Ufaransa, kisha Johnathan McKinstry wa Ireland ya Kaskazini, kisha Micho kwa mara ya pili mwaka 2021, na mwishoni mwa 2023 Put wa Ubelgiji. Katika miaka yote hiyo Waganda hawakukosekana kwenye benchi la ufundi. Walikuwepo, lakini jina lao la kazi lilikuwa kaimu, au msaidizi, au kocha wa timu ya wachezaji wa ndani. Wanaitwa nyumba ikiungua, na moto ukizimika wanaambiwa asante, mwenye nyumba anakuja.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Moses Basena. Micho alipoondoka Julai 2017, Basena alikabidhiwa timu katikati ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia, na mechi yake kubwa ya kwanza ilikuwa dhidi ya Misri, tarehe 31 Agosti, pale Namboole. Nilikuwa uwanjani siku hiyo. Nakumbuka bao la Emmanuel Okwi lilivyoingia, na nakumbuka zaidi dakika zilizofuata, jinsi watu walivyosimama na kukataa kuketi, na jinsi Basena alivyokuwa akitembea kwenye mstari wake na kuwarudisha mabeki nyuma kwa mikono miwili kila walipotaka kupanda. Tuliifunga Misri 1-0, Misri ileile iliyokwenda Kombe la Dunia mwaka uliofuata. Tulifungwa 1-0 kwao, tukatoka suluhu na Ghana, tukatoka sare ya 1-1 na Kongo ya Brazzaville, na tukamaliza nafasi ya pili katika kundi. Kwa kaimu aliyeokota timu njiani, hiyo ilikuwa kazi nzuri. Desemba ilipofika, mkataba ulipewa mtu mwingine.

Machi 2021 ilikuwa zamu ya Abdallah Mubiru, aliyekabidhiwa mechi mbili za mwisho za kufuzu. Alitoka suluhu na Burkina Faso, kisha akafungwa 1-0 na Malawi kule Blantyre, katika mechi ambayo sare ingetupeleka AFCON. Wengi walisema kwamba huo ndio ushahidi kuwa makocha wetu hawawezi. Mimi nilijiuliza swali jingine: ni kocha gani duniani anayepimwa kwa haki kwa siku sita za kazi, na timu ambayo hakuichagua wala kuiandaa?

Halafu ikaja CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao, tuliyoiandaa pamoja na Kenya na Tanzania. Uganda ilikuwa imeshiriki mashindano hayo mara sita kabla ya hapo na haikuwahi kuvuka hatua ya makundi. Kocha Mganda Morley Byekwaso na wenzake walianza kwa kupigwa 3-0 na Algeria mbele ya watu wao, na kesho yake vibanda vyote vya Busia vilikuwa vikisema yaleyale ya siku zote. Siku nne baadaye wakaifunga Guinea 3-0. Wakaifunga Niger 2-0. Wakatoka sare ya 3-3 na Afrika Kusini baada ya kuwa nyuma kwa mabao mawili, wakaongoza kundi, wakaja kuondolewa na Senegal kwa bao moja katika robo fainali. Timu iliyoweza kusimama tena baada ya kipigo cha siku ya kwanza ilikuwa na kocha aliyejua wachezaji wake wanavunjika wapi na wanaungwa vipi.

Sisemi haya kwa chuki dhidi ya wageni. Micho alituvusha mto uliotushinda tangu 1978. Bao la Farouk Miya dhidi ya Comoro, Septemba 2016, lilimaliza miaka 39 ya kukaa nje ya AFCON, na mtu yeyote anayempuuza Micho hakuishi miaka ile ya kutoka suluhu na Kenya pale Namboole mwaka 2011 wakati ushindi ungetutosha, au ya kuondolewa na Zambia kwa penalti mwaka 2012. Desabre naye alitupeleka hatua ya 16 bora mwaka 2019, baada ya kuifunga Kongo ya Kinshasa 2-0 katika mechi ya kwanza, na Wakongo hawakumsahau: walimchukua, na katika AFCON iliyochezwa mwanzoni mwa 2024 akawafikisha nusu fainali. Watu hawa waliijua kazi yao. Lakini angalia walivyoondoka. Micho aliondoka mwaka 2017 akisema hajalipwa mishahara yake, miezi michache tu baada ya kutupa furaha ambayo kizazi kizima hakikuwahi kuionja. Desabre aliondoka mara baada ya mashindano. Kila anayeondoka anaondoka na daftari lake, na anayekuja anaanza ukurasa wa kwanza.

Wala si kila kushindwa kulikuwa kwa makocha. Mwaka 2023 hatukuwa na uwanja wa nyumbani uliokubaliwa na CAF, shirikisho la mpira la Afrika. Mechi yetu ya "nyumbani" dhidi ya Tanzania ilichezwa Ismailia, nchini Misri, tukafungwa 1-0, na ile dhidi ya Algeria ilichezwa Douala, Kameruni, tukafungwa 2-1. Micho alifukuzwa mwezi Septemba mwaka huo. Ningependa wale watakaoketi kumchagua kocha mpya waanze kwa kujiuliza ni mangapi katika yale wanayomtaka ayarekebishe yako mikononi mwake, na ni mangapi yako mikononi mwao.

Zipo hoja nzito dhidi ya ninachokisema, na nazijua kwa sababu nimezisikia hata mezani kwangu. Ya kwanza ni kwamba kocha Mganda atapendelea wachezaji wa klabu aliyotoka, na kwamba mashabiki wa KCCA, Vipers, Villa na Express watahesabu majina kwenye kikosi kama watu wanaogawana nyama. Hofu hii ina msingi. Lakini mgeni ambaye hajaifuatilia ligi yetu hutegemea masikio ya wanaomzunguka, na hao wanaomnong'oneza nao wana klabu zao, ila majina yao hayajulikani na hakuna anayewauliza. Bora upendeleo wa mtu ninayeweza kumwona na kumkosoa. Hoja ya pili ni kwamba mzawa ataburuzwa na wakubwa wa shirikisho kwa sababu hana pa kukimbilia, ilhali mgeni anaweza kufunga mizigo yake na kwenda. Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu nasisitiza mkataba. Kaimu huburuzwa. Mtu mwenye karatasi ya miaka minne, yenye kifungu kinachosema uteuzi wa kikosi ni wake peke yake, na fidia iliyoandikwa endapo atafukuzwa, ana miguu ya kusimamia.

Hoja ya tatu ni elimu, kwamba makocha wetu hawajasoma vya kutosha, na hapa naomba msomaji avumilie nisimulie kidogo. Yupo kocha mmoja hapa Busia anayefundisha vijana kwenye uwanja wa shule ya msingi, uwanja wenye mteremko upande wa choo, ambapo timu inayoshambulia kuelekea chini daima hupata kona nyingi zaidi. Aliuza pikipiki yake ili agharamie kozi ya leseni. Ana daftari la mistari lenye jalada lililobanduka, na ndani yake ameandika jina la kila kijana aliyepita mikononi mwake, mguu anaoutumia, umri wake halisi na ule unaoandikwa kwenye fomu, na kama alikula kabla ya mazoezi. Nilipomuuliza anatarajia kufika wapi, alijibu kwamba akijitahidi sana anaweza siku moja kuwa msaidizi. Mtu anayejinyima kiasi hicho hakuthubutu hata kulitaja neno "mkuu," kwa sababu katika maisha yake yote ya kufundisha hajamwona Mganda akiketi kwenye kiti hicho kwa muda wa kutosha kupasha moto mto wake.

Na jambo hili halikuwa hivyo tangu mwanzo. Mara ya pekee Uganda ilipofika fainali ya Kombe la Afrika, mwaka 1978 kule Accra, tulipofungwa 2-0 na wenyeji Ghana, kocha wetu alikuwa Peter Okee, Mganda.

Wenzetu wameonyesha njia. Senegal ilimpa timu Aliou Cissé mwaka 2015. Kwenye Kombe la Dunia la 2018 alitolewa katika makundi, akashindwa fainali ya AFCON ya 2019, na bado wakamwacha aendelee, mpaka Februari 2022 alipowapa kombe lao la kwanza. Ivory Coast ilimkabidhi Emerse Faé timu katikati ya mashindano, baada ya kufungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta nyumbani, akatwaa ubingwa, na kisha wakafanya lile ambalo sisi hatukumfanyia Basena: wakampa kazi moja kwa moja. Kwa jirani zetu Watanzania habari ina pande mbili. Mzawa wao Hemed Suleiman aliipeleka Taifa Stars AFCON ya Morocco, lakini wiki chache kabla ya mashindano timu ikapewa Miguel Gamondi, mgeni kutoka Argentina, ambaye aliivusha hadi 16 bora. Watakaonipinga watautumia mfano huo, nami nakiri kwamba matokeo yako upande wao, ingawa sijui kama Gamondi angekuta timu ya kuvusha bila kazi ya mtangulizi wake.

Sasa tunaelekea AFCON ya 2027, ambayo tumepewa pamoja na Kenya na Tanzania. Kwa kuwa sisi ni wenyeji, nafasi yetu haitegemei mechi za kufuzu, na kwa hiyo kocha hatakuwa na kisingizio cha kuita wachezaji walewale kwa hofu ya kupoteza pointi. Ni nafasi ya kujenga ambayo hatujawahi kuwa nayo. FUFA, shirikisho letu la mpira, itangaze kazi hiyo hadharani, ieleze vigezo vyake, iwahoji Waganda watatu au wanne wenye leseni za juu kwa uzito uleule inaowahoji wanaotoka Ulaya, imchague mmoja, na imwachie ajichagulie wasaidizi wake, akitaka hata mtaalamu mgeni wa viungo au wa makipa. Mkataba wake uvuke 2027, ili asifukuzwe kwa sababu ya penalti moja iliyopaa. Na mshahara wake, ambao natumaini hautapunguzwa kwa kigezo kwamba ana shamba kijijini, ulipwe kila tarehe iliyoandikwa.