Msimwambie mtoto wa Advance ashukuru tu

Kila Julai mabasi ya mikoani yakishajaa matranka, magodoro na ndoo, haipiti wiki simu zinaanza kuingia nyumbani. Mtoto wa kidato cha tano, mwaka wa kwanza wa Advance, anapiga kwa simu ya matroni, anasema kombi aliyopewa, yaani masomo matatu ya kusoma hadi kidato cha sita, siyo, anataka kubadilisha au arudi. Anajibiwa: shukuru Mungu umepangiwa, wenzako wanailia nafasi hiyo. Simu inakatwa, na kwa upande wa nyumbani jambo limekwisha.

Jibu hilo linaniudhi kwa sababu linamfanya mtoto aonekane mdekaji wakati mara nyingi ameona jambo la kweli, tena ameliona mapema, siku ambazo bado lingeweza kurekebishwa.

Angalia kombi inavyopatikana. Mwanafunzi anajaza Selform, fomu ya machaguo ya kombi na shule, akiwa kidato cha nne, kabla hajaukalia mtihani wa Taifa. Anajaza kwa makisio ya alama ambazo hajazipata. Mmoja anaandika PCB (fizikia, kemia, baiolojia) kwa sababu anataka udaktari, mwingine kwa sababu aliyekaa naye dawati moja ameandika PCB. Matokeo yanatoka: Fizikia C, Kemia C, Baiolojia B, Jiografia A. Anastahili kombi mbili au tatu, lakini nafasi zinagawanywa kwa ushindani, na jina lake linatokea kwenye CBG (kemia, baiolojia, jiografia), katika shule ambayo hajawahi kuisikia.

PCB na CBG zinatofautiana kwa somo moja, fizikia kwa jiografia. Basi watu wazima wanasema ni kitu kimoja, zote sayansi. Si kitu kimoja. Udaktari wa binadamu chuo kikuu unadai fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha sita. Mwenye CBG hata akitoka na Division One ya pointi 3, A tatu tupu, hana fizikia na hachukuliwi. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyeota uhandisi akapelekwa EGM (uchumi, jiografia, hesabu): hesabu anayo, fizikia hana. Mtoto wa miaka kumi na saba anayelia kwenye simu kwa ajili ya somo moja anajua anachokililia.

Baada ya matokeo kutoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi shuleni, hufungua mfumo wa Selform ili wahitimu wabadilishe machaguo kulingana na alama walizopata kweli. Hapo ndipo pa kurekebisha makosa, na hapo ndipo wengi wanapopakosa. Wakati huo shule ya zamani imeshamalizana nao, wako nyumbani, wengine shambani, na tangazo linapita kwenye mitandao kwa wiki chache kisha mfumo unafungwa. Anayelipata mara nyingi ni yule mwenye kaka au dada aliyepita njia hiyo.

Akisharipoti, mambo yanakuwa mazito zaidi. Kama shule ina kombi anayoitaka, anaandika barua kwa mkuu wa shule kupitia kwa mtaaluma, mwalimu anayesimamia taaluma. Wanaangalia kama alama zake kwenye masomo matatu ya kombi hiyo zinatosha, na kama darasa lina nafasi. Hilo likifanyika ndani ya wiki mbili za mwanzo, hasara ni ndogo. Kama shule haina kombi hiyo, ni uhamisho: barua ya mzazi, ridhaa ya mkuu wa shule anakotoka, uthibitisho wa nafasi anakokwenda, kisha ofisi za elimu. Kila hatua ina safari yake na nauli yake. Wanaofanikiwa huanza kombi mpya Septemba au Oktoba.

Oktoba ni mbali sana kwa Advance. Watu husema miaka miwili, lakini hesabu kuanzia Julai ya kidato cha tano hadi Mei ya mtihani wa kidato cha sita: ni miezi ishirini na mbili. Toa likizo ya Juni na za Desemba mbili. Toa majuma ya moko, yaani mitihani ya majaribio, na marudio, maana shule nyingi hukimbilia kumaliza silabasi mapema ili muhula wa mwisho uwe wa paspepa, mitihani ya miaka iliyopita. Anayeingia PCM (fizikia, kemia, hesabu) Oktoba, mwezi wa nne wa masomo, amekosa mwanzo wa mekanika. Mwendo wa duara, mvutano na mzunguko wa vitu vigumu vyote vinajengwa juu ya kile alichokosa, na hakuna mwalimu atakayerudi nyuma kwa ajili ya mtu mmoja. Anabaki na desa, yaani notisi, la kuazima, anapiga msuli usiku kucha akinakili asichokielewa.

Na matokeo ya kusukumana hivyo hadi mwisho yanajificha kwenye neno "amefaulu". Chukua mwanafunzi mwenye E tatu. Kwenye hesabu ya divisheni, ambako pointi chache ndizo bora, E ni pointi 5, jumla 15, Division Three. Nyumbani wanachinja kuku. Lakini chuo kikuu wanahesabu kwa kipimo kingine, ambako pointi nyingi ndizo bora: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kwa masomo mawili yanayohusu kozi wanataka angalau pointi 4. E mbili ni pointi 2. Three yake haimfikishi shahada, na wengi hulijua hilo wakati wa kuomba vyuo, wakati hakuna tena la kufanya. D mbili zingemtosha. Umbali kati ya E na D ni alama chache, na miezi miwili aliyoipoteza kwenye kombi isiyo yake ingeweza kabisa kuzileta.

Yako malalamiko mengine ya kweli. Chakula kila mtu anakijua. BAM, somo la ziada la hesabu, inawatesa wana PCB na CBG waliotoka O-level na hesabu dhaifu. Maabara nayo ina yake: darasa la watu sitini likiwa na bureti kumi, ni watu sita kwa bureti moja, mmoja anapima na watano wanaandika majibu yake. Hao watano siku ya mtihani ndio wanaosuuza pipeti kwa maji na kuiacha na maji ndani, myeyusho unapungua nguvu, na kila namba inayofuata inakuwa si sahihi hata kama hesabu zao ni safi.

Nakiri kwamba yapo yaliyobadilika. Ada ya kidato cha tano na sita iliondolewa mwaka 2022, na kwa familia nyingi huo ulikuwa mzigo halisi. Mwaka 2024 ziliongezwa tahasusi, yaani kombi, mpya 49, zikafika 65. Lakini orodha ndefu haimsaidii anayepangiwa asichochagua, na kombi haifundishiki kwa kuandikwa kwenye tovuti bila mwalimu wa somo.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Kila sekondari iwaite wahitimu wake siku moja baada ya matokeo, mwalimu akae nao mbele ya mfumo, mmoja mmoja, awaeleze kila kombi inampeleka mtu kozi gani. Na mwanafunzi anayeripoti apewe majuma mawili yanayojulikana kwa kila shule ya kuomba mabadiliko, bila kuitwa msumbufu.

Nanyi wazazi, simu ya matroni ikipigwa, msianze na shukrani. Muulizeni: shule hiyo ina kombi unayoitaka? Alama zako kwenye masomo yake matatu zinatosha? Mtaaluma umeshamwona, na amesema nini? Akiwa na majibu hayo wiki ya kwanza, andikeni barua siku hiyo hiyo.