Nusu Jogoo wa Köln

Mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza katika nyumba ya bia ya jadi mjini Köln, Ujerumani, akitarajia kukaribishwa kwa tabasamu na kuvutiwa kiti, anaweza kudhani kwamba amekosea mlango. Mhudumu, ambaye kwa lahaja ya mji huo huitwa Köbes, hupita mbio akiwa na aproni ya buluu na sinia la duara lililojaa glasi nyembamba, akamwonyesha kwa kidevu nafasi kwenye meza ndefu ambayo tayari imekaliwa na watu asiowajua. Wasafiri wengi hulalamika kwamba huo ni ufidhuli. Mimi naona wanalalamikia sehemu iliyo tamu kuliko zote.

Bia ya Kölsch, ambayo jina lake limelindwa na Umoja wa Ulaya tangu 1997, huletwa katika glasi ya lita 0.2 tu, ili inywewe kabla haijapoteza ubaridi na povu. Glasi ikiisha, Köbes huweka nyingine bila kuuliza na kuchora kistari kwa penseli kwenye kikadibodi kilicho chini yake. Aliyetosheka hufunika glasi kwa kikadibodi hicho, basi. Mwishoni vistari huhesabiwa na hela hulipwa (neno hela lenyewe tulilipata kwa Wajerumani, kutokana na sarafu yao ya Heller). Ni mteja anayekaa na daftari la deni lake, jambo ambalo sijaliona katika mikahawa mingi inayojiita ya kistaarabu.

Mimi situmii pombe, kwa hiyo niliomba maji. Köbes alinitazama, akauliza kama ningependa na sabuni na taulo. Meza nzima ilicheka, na mzee aliyeketi kando yangu akanieleza kwamba mzaha huo ni wa zamani sana na kwamba sasa nimekwisha kuwa mwenyeji. Hapo ndipo nilipoelewa: kumbe huu ni utani, kama ule wa Mnyamwezi na Mzaramo, ambao asiyeujua huudhani kuwa ni matusi.

Hata orodha ya vyakula hutania. Niliagiza Halver Hahn, yaani nusu jogoo, nikaletewa mkate mdogo wa rai (nafaka inayofanana na ngano), kipande kinene cha jibini, vitunguu na haradali. Hakuna kuku, na hakuna aliyenionya. “Mbingu na ardhi” ni tufaha na viazi vilivyopondwa, pamoja na soseji ya damu, kwa kuwa tufaha hukua juu mtini na kiazi chini ardhini. Kilichonishibisha hasa ni Sauerbraten, nyama iliyolowekwa kwenye siki kwa siku kadhaa, ambayo watu wa eneo la mto Rhein huipikia mchuzi wa zabibu kavu, wenye uchachu na utamu kwa pamoja; kwa ulimi uliozoea ukwaju haukuwa mgeni hata kidogo. Zamani ilikuwa nyama ya farasi, na nilishukuru kuelezwa hivyo baada ya kuhakikishiwa kwamba yangu ilikuwa ya ng’ombe.

Siku iliyofuata nilikula kwingine, mahali penye picha za vyakula na mhudumu mpole aliyetafsiri kila kitu. Chakula kilikuwa kizuri. Niliomba maji, nikaletewa maji.