Fungate Iliyoanzia Kwenye Vizuizi

Jamani, nani aliyesema kwenda Lamu ni kupumzika? Basi la kutoka Mombasa tuliambiwa saa moja kamili asubuhi. Saa mbili na nusu bado tuko palepale, kondakta anaapa eti tunangoja abiria mmoja tu. Mmoja gani huyo, Sultani wa Witu?

Tukaondoka. Malindi mume wangu akala mahamri matano, nikanyamaza. Garsen, kizuizi: shuka, toa kitambulisho, panda. Mbele tena: shuka, toa, panda. Nimeshuka mara nyingi hata askari mmoja akaniuliza kama mimi ndiye utingo!

Mokowe, basi linapoishia na boti kuanzia, ndipo nilipochoka kabisa. Begi letu halipo. Lililobaki ni la mtu, na ndani yake (tulifungua, mtusamehe) mna kofia za kiua kibao na chupa ya achari ya embe imevuja, mafuta yametota mpaka kwenye zipu. Mimi nalia, bwana yule anajaribu kofia! "Yanikaa, mke wangu?" Eti yanikaa!

Boti nayo "imejaa, bado watu wawili". Imejaaje, na bado wawili? Tunafika Shela, kisiwani Lamu, maji yamekupwa, nahodha anatuonyesha ufuo kwa kidole. Nikapandisha buibui magotini, nikajitosa, punda wa pwani ananitazama kama mimi ndiye mzigo wake wa jioni.

Nyinyi mliooana mwaka huu, mlifika na nguo zenu? Zetu zilikuja siku ya tatu. Zinanuka achari.