Ubao wa matangazo chuoni na ujumbe usio na tarehe

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, hoja ileile hurudi katika vikao vya idara na kwenye vimbweta, yaani viti vya nje wanapokaa wanafunzi: mbao za matangazo zimepitwa na wakati, ziondolewe ukutani, na kila taarifa, kuanzia ratiba ya mitihani hadi badiliko la ukumbi wa mhadhara, ipelekwe kwenye mfumo wa taarifa za wanafunzi, kwenye barua pepe na kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa. Wanaoitetea hoja hii si watu wa kubezwa, na mengi wanayoyasema ni kweli. Hata hivyo nakiri mapema kwamba kilichonifanya nishike kalamu ni kuona ubao ukihukumiwa kwa uzee wake tu, bila mtu kuuliza ulikuwa ukifanya kazi gani ambayo simu haijaichukua.

Nianze na wanaotaka uondolewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipohamia Mlimani mwaka 1964, kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, mwanafunzi alilala, alikula na alisoma katika kilima kimoja, kwa hiyo karatasi iliyobandikwa njiani kati ya bweni na mgahawa ilimfikia kabla ya jua kuzama. Leo hali si hiyo. Mabweni ya Magufuli, yaliyozinduliwa Aprili 2017, yaliongeza nafasi 3,840, na bado wanafunzi wengi hupanga vyumba Sinza, Msewe, Makongo na Changanyikeni, baadhi yao wakifika chuoni siku za vipindi tu. Aliye kwenye mafunzo kwa vitendo Kigoma au Mtwara hana ubao wa kuusoma. Kwa mwanafunzi asiyeona, karatasi iliyo nyuma ya kioo ni sawa na ukuta mtupu, ilhali simu yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti humsomea tangazo lilelile bila yeye kumwomba mwenzake.

Lipo pia suala la siri, na hapo sina ubishi. Kwa miaka mingi matokeo yalibandikwa hadharani, namba ya usajili upande mmoja na alama upande wa pili, kana kwamba namba hiyo haijulikani na nusu ya darasa. Aliyetakiwa kurudia mtihani alijulikana kabla hajajijua mwenyewe, na aliyeondolewa masomoni, yaani "aliyedisko" kwa lugha ya wenyewe, alipokelewa na macho ya watu waliomtangulia kwenye ubao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imewapa wakosoaji wa desturi hiyo msingi ambao awali hawakuwa nao. Matokeo yabaki kwenye akaunti ya mwenyewe, na yeyote anayeutetea ubao kwa kutaka yarudishwe ukutani asinihesabu mimi upande wake.

Lakini matokeo ni habari ya mtu mmoja mmoja. Tangazo ni la wote, na lina mzigo wa namna nyingine. Ofisi inapotangaza kwamba usajili unafungwa tarehe fulani au kwamba jaribio limehamishwa, haipashi habari tu. Inaweka masharti ambayo mwanafunzi atakuja kuhukumiwa nayo. Ndiyo maana karatasi ya ubaoni, hata ikiwa imeandikwa vibaya, kwa kawaida ina kumbukumbu namba, tarehe, cheo cha aliyesaini na mhuri. Ikitokea rufaa, kuna kitu cha kushika. Watetezi wa simu huzungumzia kasi ya kupokea, nami nawakubalia kasi hiyo, ila huwa sioni wakigusa swali la uthibitisho: siku ile, saa ile, nani alimwambia nani, na kwa maneno gani?

Hapa ndipo anapoingia CR, kiongozi wa darasa, ambaye nadhani ndiye mtu aliyetwishwa mzigo mkubwa kuliko wote katika mabadiliko haya na ambaye hakuna aliyemwuliza. Huchaguliwa mapema muhula wa kwanza, mara nyingi kwa sababu ana sauti au kwa sababu alikaa mstari wa mbele siku ile, na tangu hapo anakuwa mdomo wa idara. Mhadhiri humpigia simu akiwa njiani kwamba leo hatafika. Karani humtumia orodha. Yeye huandika upya kwa Kiswahili chake na kutuma kundini. Halipwi, hana mafunzo, bando ni lake mwenyewe, na akilala mapema darasa zima limelala naye. Yeye pia ndiye msimamizi wa kundi, kwa hiyo mwanafunzi aliyegombana naye juu ya michango ya sherehe anaweza kujikuta ametolewa humo, na pamoja na kundi amepoteza habari zote za chuo. Ubao haumtoi mtu.

Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha kwa muda, na ambacho sitakitaja, jaribio lilisogezwa kutoka Ijumaa hadi Jumatano. Mhadhiri alimwarifu CR kwa simu Jumapili jioni. Jumatatu CR alipata habari ya msiba wa baba yake mdogo, akapanda basi la Songea, na siku mbili zile simu yake ilikuwa inazimika kila mara. Wachache walioambiwa kwa mdomo walifika. Wengine walikaa nyumbani wakisoma kwa ajili ya Ijumaa. Kilichofuata ni kikao kirefu ambacho mhadhiri alisema ametangaza, wanafunzi wakasema hawakutangaziwa, na wote walikuwa wakweli. Hakuna aliyethubutu kumlaumu CR, maana alikuwa na msiba, na hakuna aliyekumbuka kwamba kutangaza halikuwa jukumu lake hata kidogo. Ofisi ilikuwa imekabidhi wajibu wake kwa kijana wa miaka ishirini na mmoja na simu yenye betri mbovu.

Kosa jingine la makundi haya ni dogo kwa kuliangalia, lakini limenisumbua kuliko mengine: neno "kesho". Ujumbe unasema, "Wapendwa, kipindi cha kesho saa mbili hakitakuwepo." Umeandikwa saa tano usiku; mmoja anausambaza kwenye kundi dogo la majadiliano saa sita na nusu, mwingine anauona asubuhi. Kesho ipi? Na saa mbili ipi? Ratiba rasmi nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kwa hesabu ya saa ya Kizungu, CR huibadilisha kuwa ya Kiswahili akiwa kwenye daladala, na kati ya saa 2 asubuhi na saa 8 mchana pana nafasi ya mtu kukosa mtihani. Programu huonyesha saa ujumbe ulipoingia katika kundi hilo, na ukishasambazwa, saa ya kwanza inapotea. Karatasi nayo hulazimisha nidhamu ya aina yake. Mtu anayeandika kitu kitakachoning'inia ukutani wiki nzima hawezi kuandika "kesho". Anaandika "Jumatano, saa 2:00 asubuhi", na tarehe yake. Sidhani kama ni kwa sababu makarani wa zamani walikuwa makini kuliko CR wa leo. Umbo lenyewe la karatasi liliwakataza uvivu huo.

Gharama huelezwa kana kwamba simu ni bure. Ni bure kwa ofisi. Posho ya chakula na malazi kwa mnufaika wa mkopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na mwanafunzi anayetoa humo nauli, kodi ya chumba na ugali huchagua siku za kununua bando, hasa wiki za mwisho kabla ya "bumu" lingine, yaani fedha za mkopo, kuingia. Wiki hizo, kwa bahati mbaya, mara nyingi huangukia karibu na majaribio. Kisha kuna siku ambazo hata mwenye bando hana mtandao. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ujumbe ulikwama, mifumo haikufunguka, na Jumatatu ikafika ikiwa na vipindi vyake kama kawaida. Chuo ambacho hakina mahali pa kubandika karatasi hakina la kufanya siku kama hiyo isipokuwa kusubiri mafundi wa baharini.

Inashangaza kidogo, na wanaotaka mbao ziondolewe hawajanieleza vizuri, kwamba hata ndani ya WhatsApp wanafunzi huamini karatasi. CR akiandika kwa maneno yake, maswali humiminika: umeipata wapi, nani kasema, una uhakika? Akituma picha ya barua yenye nembo, saini na mhuri, kundi linatulia. Kwa maneno mengine, wanafunzi wamekwisha kuamua wenyewe nini ni tangazo na nini ni nakala ya tangazo. Tatizo ni kwamba picha hughushiwa. Barua za uongo za kuahirisha ufunguzi wa vyuo au kubadili tarehe za mitihani si ngeni kwetu, na taasisi huishia kuirudisha barua hiyo mtandaoni ikiwa na maandishi mekundu ya kuikanusha, jambo ambalo huisambaza kwa mara ya pili. Zamani mwenye shaka alitembea hadi jengo la utawala akatazama. Kama hakuna pa kutazama, shaka hiyo ataipeleka wapi?

Nisije nikaonekana nauabudu ukuta, Mlimani wenyewe una historia inayotosha kumkata mtu kiburi. Mwaka 1971 rais wa jumuiya ya wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, aliandika barua ya wazi kwa makamu mkuu wa chuo kulalamikia jinsi chuo kilivyoendeshwa. Alifukuzwa, akaondolewa na askari na kurudishwa kwao, na wanafunzi wakagoma. Barua ile ilikuwa na jina lake. Ukuta huohuo wa chuo ulibeba pia "Mzee Punch", maandishi na michoro iliyobandikwa usiku na watu wasiojulikana, ambayo kwa miaka iliwadhalilisha hasa wanafunzi wa kike, wengi wakiichukulia kuwa utani wa wasomi. Februari 1990 mwanafunzi wa kike alijiua baada ya kusumbuliwa na kikundi kilichoendesha Punch, na ndipo Punch ilipopigwa marufuku. Mtu anaweza kusema, basi ukuta ni hatari. Mimi naona hatari ilikuwa karatasi isiyo na jina ambayo utawala uliipita kila asubuhi bila kuibandua, na kwamba kasoro hiyohiyo, ya neno lisilo na mwenyewe, imehamia kwenye ujumbe unaosambazwa mara mia bila chanzo. Tofauti ni kwamba Punch ilipopigwa marufuku kulikuwa na ukuta wa kusafisha.

Ubao kama ulivyo leo siwezi kuutetea wote. Nenda kwenye idara yoyote utaona tangazo la kongamano la mwaka juzi likiwa limefunikwa nusu na anayechapa na kujalidi tasnifu, juu yake mtu anayeuza godoro na jiko la gesi kwa sababu amemaliza chuo, pembeni kwaya inayotafuta sauti ya nne, na mahali fulani chini ya hayo yote, ratiba ya mitihani. Mimi nayapenda hayo ya godoro na kwaya, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi wa uhandisi hukutana na mambo ambayo kundi la darasa lake halitamletea kamwe, lakini hayapaswi kugombea nafasi na tangazo la msajili. Mbao zenye kioo ziliwekwa kwa kusudi hilo. Nyingi zimefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa ofisa mmoja, naye yuko likizo.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuchagua kimoja na kuua kingine. Tangazo liandikwe mara moja, lipewe namba na tarehe, libandikwe, na muda wa masharti yake uhesabiwe tangu siku lilipobandikwa. Maandishi yaleyale, si picha yake pekee, yaende kwenye mfumo na kwenye makundi ili asiyeona ayasikie na aliye Kigoma ayapate, yakitaja namba ya karatasi iliyo ukutani. CR abaki msambazaji, asiwe ofisi. Ikizuka rufaa, kamati iangalie karatasi, na ikiwa karatasi haipo, mwanafunzi asihesabiwe kuwa alitangaziwa, hata kama kundi lina jumbe mia tatu. Sharti hili la mwisho najua halitawapendeza wakuu wa idara, kwa sababu linarudisha kwao kazi waliyokwisha kuizoea kuiona ikifanywa na mtoto wa watu kwa bando lake. Gharama yake ni karatasi, pini za kubandikia, na ufunguo wa pili wa kile kioo, ukae kwa karani wa mapokezi.